Tahadhari: transista "za jemaniamu" zinazoletwa Amu ni silikoni iliyopigwa chapa

Assalaam alaykum mafundi wenzangu wa Amu, na nyinyi wa Malindi. Yuko muuzaji wa mtandaoni anayejinadi kuwa ana AC128, OC71 na AF117, zile transista za redio za zamani zilizotengenezwa kwa jemaniamu, "orijino za stoo ya zamani". Picha zake zinavutia kweli. Mzigo ukishuka Mokowe, mambo ni mengine: nilizoletewa ni transista za silikoni, madini mengine yenye tabia tofauti, zilizosuguliwa maandishi na kuchapwa upya. Pamba yenye asetoni imefuta "AC128" yote. Nilipodai pesa zangu aliniambia eti zimechoka kwa kukaa sana, kisha akaniblock.

Basi usilehemu kabla ya kupima. Weka mita kwenye alama ya dayodi, gusa miguu miwili ya transista, besi na emita. Jemaniamu husoma volti 0.2 hivi, pengine chini ya hapo. Ukiona 0.6 au 0.7, hiyo ni silikoni, hata iandikwe kwa wino wa dhahabu.

Kuna wanaosema transista ni transista. Si kwa redio hizi za wazee. Jozi ya AC128 inayosukuma spika imepangiwa volti ndogo mno kwenye besi. Silikoni haifunguki kwa volti hiyo, na ukipunguza sauti usiku redio inakwaruza maneno. Silikoni inaweza kukaa pale, na kwa joto letu ina afadhali maana haivuji mkondo kama jemaniamu, lakini lazima ubadilishe rezista za bayasi, zile zinazopanga volti ya besi. Hiyo ni kazi ya kukusudia, si ya kuuziwa gizani.

Dayodi zake pia mziangalie. OA91, dayodi ya jemaniamu inayotoa sauti kwenye mawimbi ya AM, aliyotuma ni 1N4148 ya silikoni. Zote mbili ni za kioo, macho hayatambui, ila stesheni hafifu za AM zinapotea. Ukikosa OA91, BAT46, dayodi ya Schottky inayofunguka kwa volti ndogo, inafaa na bei yake ni rahisi.

AF117 ndiyo inayoniudhi zaidi, maana wengi hawahitaji hata kuinunua. Ndani ya kopo lake humea nywele nyembamba za bati zinazogusa ganda na kunyamazisha redio. Kata ule mguu wa nne uliounganishwa na ganda. Mara nyingi redio huongea tena, bila senti.

Huyu bwana anataka M-Pesa kwanza na hakubali upime kabla ya kulipa. Mazungumzo na picha za mzigo ninazo. Anayetaka kulinganisha namba ya simu ya muuzaji kabla hajatuma pesa, aje inbox.