Filta za fanesi: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

Ukiingia Home Depot au Menards, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Marekani, mwezi wa Oktoba utakuta ukuta mzima wa filta za fanesi, ile mashine ya gesi inayopasha nyumba joto. Zinaanzia dola 1 au 2 mpaka zaidi ya dola 25, na kadiri bei inavyopanda ndivyo maneno ya kwenye karatasi yanavyozidi kutisha: vumbi, chavua, bakteria, virusi. Mgeni wa nchi za baridi anasimama pale, anawakumbuka watoto wanaokohoa nyumbani, anabeba ya bei kubwa. Mimi nilifanya hivyohivyo msimu wangu wa kwanza Minnesota baada ya kununua nyumba. Wiki ya tatu fanesi ikawa inawaka dakika nne, inazima, inawaka tena, na nje baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Fundi alikuja, akafungua kifuniko, akaichomoa filta yangu ya kifahari na kuiegemeza ukutani. Fanesi ikaunguruma vizuri kama si yenyewe. Akanitoza dola 140 kwa kazi ya dakika kumi.

Kwa hiyo mpangilio ulio hapa chini haukufuata filta ipi inanasa uchafu mwingi zaidi. Umefuata filta ipi fanesi yako inaweza kupumua nayo.

Mtu aliyekulia kwenye jiko la mkaa au mtungi wa gesi hapati shida kuielewa mashine hii. Thamostati, kile kidude cha ukutani kinachopima joto, ikiona nyumba imepoa, kifeni kidogo kinaanza kuvuta moshi kuelekea nje, kiwashio kinakuwa chekundu, gesi inafunguka na moto unaingia ndani ya mirija ya chuma. Moshi wake unatoka kwa dohani, au kwa bomba la plastiki jeupe kwenye mashine mpya. Baada ya sekunde chache feni kubwa inavuta hewa ya nyumba na kuipitisha nje ya ile mirija. Hewa inapata joto la chuma na kurudi vyumbani. Moto na hewa unayovuta havikutani kabisa, vimetenganishwa na ukuta mwembamba wa chuma.

Filta inakaa pale hewa baridi inaporudi kwenye feni. Ikiziba, au ikiwa nzito kupita kiasi, hewa inayopita ni kidogo na chuma kinachemka. Kuna swichi ya usalama inayokata moto joto likizidi, na ndiyo iliyokuwa ikiizima fanesi yangu usiku kucha. Swichi hiyo ni ya dharura, haikuwekwa ifanye kazi kila saa. Chuma kinachotanuka na kusinyaa namna hiyo msimu baada ya msimu mwishowe kinaweza kupata ufa, na ufa huo ni njia ya kaboni monoksaidi kuingia kwenye hewa ya nyumba. Ni sumu ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani kule Limuru au Njombe wakati wa baridi. Haina rangi wala harufu.

Namba ya kuangalia dukani ni MERV, kipimo cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya joto na ubaridi cha Marekani. Kinaanza 1 mpaka 16. Chapa ya filta ya Filtrete ina kipimo chake, MPR, na Home Depot wana chao, FPR, kwa hiyo mteja anajikuta analinganisha machungwa na maembe. Kwa kukadiria, FPR 5 ni kama MERV 8, FPR 7 ni kama MERV 11, na FPR 10 ni kama MERV 13. Mara nyingi MERV yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya fremu. Itafute hapo.

Ya kwanza: MERV 8 yenye mikunjo, unene wa inchi 1

Hii ndiyo ninayonunua. Inanasa angalau asilimia 70 ya chembe za maikroni 3 mpaka 10 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), yaani vumbi la kawaida, chavua nyingi, manyoya ya paka. Fanesi nyingi za majumbani zinaimudu bila kulalamika. Ukinunua pakiti ya sita, moja inakuangukia kama dola 5 hadi 8. Kwa familia ya watu wanne ninabadilisha kila baada ya siku 60. Januari, fanesi inapokaribia kuwaka mchana na usiku, ninaichungulia kila mwezi. Na kama nyumba yenu ni ya udi kila Ijumaa na samaki wa kukaanga kila Jumamosi, msisubiri hizo siku 60. Ubani unaifanya filta nyeusi haraka kuliko mbwa wawili.

Ya pili: filta nene ya inchi 4 au 5

Kwa ubora hii ingekuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu haiingii kwenye nafasi ya inchi 1, na ndiyo nafasi iliyopo katika nyumba nyingi. Mikunjo yake ni mirefu, kwa hiyo eneo la kupitishia hewa ni kubwa mara kadhaa, na unaweza kuweka MERV 11 au hata 13 bila kuinyima fanesi pumzi. Inadumu miezi 6 hadi 12. Fundi anaweza kukata bati la njia ya hewa na kukuwekea kasha lake, kazi ya mara moja. Ukiwa unabadilisha fanesi nzima, dai kasha hilo liwemo kwenye bei, kwa sababu siku hiyo bati linakatwa vilevile. Mpangaji, hii iruke.

Ya tatu: MERV 11, inchi 1

Inanasa angalau asilimia 65 ya chembe za maikroni 1 hadi 3, ambazo MERV 8 inaziacha nyingi zipite. Inafaa nyumba yenye mtu wa pumu au mzio, kwa sharti kwamba utaibadilisha mapema, na kwamba umefanya kipimo cha joto nitakachokieleza.

Ya nne: MERV 13, inchi 1

Hiyo ndiyo iliyonila dola 140. Si filta mbaya. Inanasa angalau nusu ya chembe ndogo kabisa, maikroni 0.3 hadi 1, na moshi umo humo. Juni 2023, moshi wa misitu ya Kanada iliyokuwa ikiungua ulipoteremka mpaka New York anga ikawa ya rangi ya chungwa, na hapo MERV 13 ilikuwa na sababu yake. Mamlaka ya mazingira ya Marekani nayo inashauri MERV 13 kwa siku za moshi, mradi mtambo wako uimudu. Weka moja kabatini kwa siku kama hizo. Kuiacha ndani msimu mzima wa baridi katika nafasi ya inchi 1, kwenye fanesi ya zamani yenye njia nyembamba za hewa, ni kuibana pua mashine yako. Fanesi mpya yenye feni inayojipimia nguvu inaweza kuihimili, ila feni inajituma zaidi na bili ya umeme inaongezeka.

Ya tano: ile nyembamba ya nyuzi za kioo

Ya buluu au kijani, unaona mpaka upande wa pili. Wenye nyumba za kupangisha wanaipenda kwa sababu ni dola 1 au 2. Hewa inapita bila shida, na taka kubwa na nywele haziifikii feni. Kwa mapafu yako haina msaada wa maana. Kama ndiyo pekee uliyonayo leo, iweke: fanesi isiwashwe bila filta hata usiku mmoja.

Ya mwisho: ya kuosha

Inauzwa kama ya maisha, dola 40 au zaidi. Akili ya kubana matumizi inaikubali upesi, nami nilishawishika. Lakini nyingi zinanasa kidogo, na lazima ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Nyumba inakaa bila joto ikisubiri filta ikauke, na hiyo ni Februari. Ukiirudisha mbichi inaota ukungu, na ukungu huo unapulizwa vyumbani.

Sasa kile kipimo. Fungua mlango wa mbele wa fanesi uangalie kibandiko chake. Kuna mstari unaosema hewa inatakiwa kupanda joto kwa kiasi gani, kwa mfano nyuzi 35 hadi 65 za Fahrenheit. Rudisha mlango, acha fanesi iwake dakika 10 hadi 15. Chukua kipimajoto cha nyama cha jikoni, pima hewa inayorudi karibu na fanesi, kisha hewa inayotoka upande wa pili, ukisogea kidogo mbali na mirija ya moto. Toa moja kutoka nyingine. Kama kibandiko kinaishia 65 na wewe umepata 75, fanesi inakosa hewa. Weka filta nyepesi, upime tena. Ikiwa bado, tatizo liko kwingine, na kabla ya kumwita fundi tembea nyumba nzima utazame matundu ya sakafuni. Kwetu nilikuta mkeka umefunika moja na kochi limeziba mawili.

Ukubwa nao unachanganya. Iliyoandikwa 16x25x1 kwa kweli ni pungufu kidogo, kama robo mpaka nusu inchi kwa urefu na kwa upana, na imefanywa hivyo makusudi iingie. Nakili namba zilizo kwenye filta ya zamani, usipime tundu kwa utepe. Filta ikilegea, hewa chafu inapita pembeni na umenunua pambo. Usipachike mbili pamoja ukidhani umeongeza ulinzi. Zima fanesi kabla ya kuichomoa. Mshale wa kwenye fremu uelekee fanesi, hewa inakokwenda. Nimeona filta za watu wazima wenye digrii zimegeuzwa.

Kabla ya haya yote, kama nyumba haina kengele ya kaboni monoksaidi, acha filta zote rafu ya kwanza na ya mwisho, nenda kanunue hiyo. Kengele ya moshi ya kwenye dari haiitambui gesi hii, labda iwe imeandikwa kwamba inafanya kazi zote mbili. Kwangu mimi iliyo bora ni hiyo ya mbili kwa moja yenye betri iliyofungwa ya miaka 10. Inayofuata ni ya kuchomeka kwenye soketi, yenye betri ya akiba na kioo cha namba. Ya kuchomeka bila betri iache, kwa maana umeme ukikatika ndipo watu wanapoanza kutafuta joto kwa njia za hatari. Februari 2021, Texas ilipoganda na umeme kukatika, zaidi ya watu 1,400 walikwenda kutibiwa sumu hii, wengi wakiwa wamewasha jenereta, magari na majiko ya mkaa ndani ya nyumba au gereji.

Tafuta nyuma yake alama ya UL 2034, kiwango cha usalama cha kengele hizi Marekani, au CSA 6.19 kama uko Kanada. Weka moja kila ghorofa, na moja nje ya vyumba vya kulala. Angalia tarehe ya mwisho, maana hata ikiwa na betri mpya kihisio chake huchoka baada ya miaka 7 hadi 10. Mlio mmoja kila dakika ni betri au uzee. Milio minne mfululizo, kituo, minne tena, ni sumu: toeni watu wote nje, hata kwa ndala kwenye theluji, mpige 911. Kwa viwango vya hiyo UL 2034, hewa ikiwa na sehemu 70 za sumu hii kwa milioni, kengele inaweza kuchukua saa moja mpaka nne kulia, kwa hiyo ikilia msiseme ngoja tufungue dirisha tuone. Nyumba nzima ikiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na mkipata nafuu mkienda kazini au shuleni, mnaweza kudhani ni mafua. Tokeni kwanza.

Harufu ya mayai yaliyooza ni jambo jingine. Gesi asilia haina harufu. Inawekewa kusudi, desturi iliyoenea baada ya shule ya New London, Texas, kulipuka Machi 1937 na kuua karibu watu 300. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima taa, toka nje, upige simu ukiwa huko. Harufu ya vumbi linaloungua siku ya kwanza ya kuwasha fanesi ni ya kawaida, inaisha upesi.

Valvu ya gesi na moto wenyewe ni vya fundi mwenye leseni, mara moja kwa mwaka, Septemba kabla hawajajaa kazi. Chako wewe ni filta, matundu, makopo ya rangi na petroli kutowekwa karibu na mashine, na yale mabomba meupe yanayotokeza ukutani nje. Theluji ikipulizwa na upepo ikayafunika, fanesi inazima yenyewe. Chukua koleo, yazibue.

Kama umepanga, soma mkataba uone filta ni ya nani kabla hujatoa hela yako. Kwangu pakiti ya sita inanifikisha Oktoba nyingine, na tarehe ninaiandika kwa kalamu nene kwenye fremu, upande unaoonekana bila kuichomoa.