TV ya hoki ya barafu: usiulize inchi, uliza weupe

"Dada, mbona barafu yangu ina madoa?"

Ujumbe huo umetoka Makorora, na si wa kwanza wa aina yake. Mwenyewe kanunua TV mpya ya inchi 50, ya dukani, na boksi na karatasi zake zote. Akaangalia ligi kuu, akaangalia tamthilia, hakuona kasoro. Siku alipoweka mechi ya hoki ya Edmonton, timu ya Kanada, michirizi ya kijivu ikajitokeza, imesimama wima toka juu hadi chini, na kona mbili zimefifia. Akairudisha dukani. Muuzaji akamwekea ile video yao ya kasuku na maua, akamwambia, "Kioo kizima hiki, kaka. Labda hiyo mechi yako ndiyo mbovu."

Mechi haina ubovu. Kioo nacho hakijaharibika; kimetoka kiwandani hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba hakuna mtu dukani anayekipima kwa rangi nyeupe, na sisi wa hoki tunaishi ndani ya rangi nyeupe.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa sisi wachache wa Tanga tunaokesha kwa ajili ya mchezo ambao hatujawahi kuugusa. Wenzetu wa Nairobi walianzia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, wakaunda Ice Lions yao, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la kimataifa, IIHF. Barafu yetu sisi yote imo kwenye kioo. Kikiwa kichafu, huna barafu. Sitagusa habari za smati, spika wala ngapi za HDMI. Hayo muuzaji yeyote wa Ngamiani atakuimbia bila kuvuta pumzi.

Uwanja wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na ule weupe si wa barafu yenyewe. Hupakwa rangi, isingepakwa ungeona zege la kijivu chini yake. Mechi nzima basi sehemu kubwa ya kioo chako ni nyeupe, na kamera haitulii, inakimbia kushoto na kulia kufuata mchezo. Hapo ndipo taa za nyuma ya kioo, zile zinazokipa mwanga, zinapoumbuka kama hazilingani. Picha inakwenda, doa linabaki palepale, kama uchafu wa kioo cha mbele cha daladala: gari likiwa stendi huushughulikii, likiingia barabarani huoni kingine. Kwenye mpira wa miguu nyasi za kijani zinasitiri mengi. Kwenye tamthilia ndiyo usahau kabisa, watu wako sebuleni wanagombania urithi, nani atatazama ukuta?

Jambo la pili ni paki yenyewe, kile kidude cheusi cha mpira mgumu wanachokigombania. Upana wake ni sentimita 7.6. Chukulia kamera inaonyesha mita 25 za uwanja kwa mpigo. Kwenye TV ya inchi 32 paki inakuwa na milimita mbili hivi. Kwenye inchi 55 inakaribia nne. Sasa iendeshe. Mwaka 2012, kwenye mashindano ya ufundi ya All-Star, Zdeno Chara alipiga shuti la kilomita 175 kwa saa. Kwa matangazo ya picha 60 kwa sekunde, paki ya namna hiyo inaruka sentimita 80 kati ya picha moja na inayofuata. Kioo kizito kubadilisha rangi kitakuachia mkia mweusi, ubaki unabahatisha ulipo.

Msijione wanyonge, hata Wamarekani iliwashinda. Mwaka 1996 kituo cha Fox kilitia vifaa ndani ya paki ili kwenye TV ing'ae buluu, na ikipigwa kwa kasi iachie mkia mwekundu. Mashabiki wakakasirika, wakasema mchezo umegeuzwa katuni, na 1998 mambo hayo yakaisha. Walikuwa na vioo vya chogo wakati ule. Wewe una kioo bapa na bado huioni, kwa sababu uliuziwa inchi.

Kupima ni rahisi. Tia kwenye flashi picha mbili tupu, moja nyeupe, moja ya kijivu cha katikati, pamoja na kipande cha mechi kutoka chaneli ya NHL ya YouTube. Nenda nayo dukani. Ya kijivu ndiyo inayosema ukweli zaidi: rudi nyuma hatua mbili, zungusha macho, tafuta michirizi, kona zilizofifia, wingu la njano katikati. Kisha weka mechi, itazame pale kamera inapokimbia. Na lazima upime ile ile utakayobeba, siyo ya maonyesho, maana TV mbili za namba moja, zilizotoka kontena moja, zinaweza kutofautiana kama watoto wa mama mmoja.

Hapa ndipo ugomvi unapoanza. Ukitoa flashi, muuzaji anakutazama kama umetoa kisu. "Boksi likifunguliwa umenunua, dada." Nimenunua nini wakati sijakiona? Kitenge unakikunjua, embe unalibonyeza, papa unamnusa, lakini kitu cha mshahara wa miezi kadhaa ndicho ukibebe kimefungwa kwa gundi! Dhamana wanayokuandikia nayo ukiisoma utakuta kioo hakimo. Sasa TV ukiitoa kioo kinabaki nini, rimoti?

Bei ndiyo sitaki hata kuanza. Tangazo lina picha sita, lina wimbo, lina namba ya simu, bei hakuna. "Njoo inbox." Ukienda inbox unaulizwa upo wapi kwanza. Ukisema Tanga, bei inapanda kabla hujamaliza kuandika, eti usafiri. Najua kuna ushuru, najua kuna VAT ya asilimia 18, na mfanyabiashara naye anakula. Lakini toka Kariakoo mpaka hapa ni kilomita 350 hivi, TV haipandi ndege.

Haya, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Sony. Mimi ni mtu wa Sony, sijifichi, asiyependa akaandike wake. Tafuta familia ya X90, na ukikosa hiyo, X85. Sababu yangu ni namna zinavyoshughulikia mwendo: kamera inapogeuka ghafla, majina migongoni mwa wachezaji yanasomeka na paki inabaki kidude kimoja, haigawanyiki viwili. X90 ina taa zilizotapakaa nyuma ya kioo chote, siyo za pembeni tu. Vioo vyake vingi ni vya aina ya VA, ambavyo ukikaa upande rangi inapauka, na waandishi wengine hulipigia hilo kelele sana. Mimi halinihusu. Mechi za New York na Toronto zikianza saa moja jioni kwao, msimu wa baridi kwetu ni saa tisa usiku. Edmonton ni saa kumi na moja alfajiri. Nani atakaa upande saa hizo? Nipo peke yangu, katikati, nimejifunika khanga. Isipokuwa Ramadhani, ambapo miaka hii ya karibuni mechi za mashariki zimeangukia saa za daku na nyumba nzima iko macho, shangazi anauliza kwa nini wale watu wanapigana na refa anatazama tu.

Tena X90 mpya sasa ni adimu madukani na zinaletwa nyingi zilizotumika. Hilo sawa, alimradi flashi yako unayo.

Ya pili ni OLED ya LG. Kwa haki ya paki peke yake ilistahili kuwa ya kwanza, kwa kuwa kila nukta inawaka yenyewe, hakuna taa za nyuma za kutia madoa, na rangi inabadilika papo hapo, mkia huuoni. Yapo mawili ya kujua. Kioo kikijaa weupe, OLED hujipunguza mwanga yenyewe, na hoki ni weupe mtupu. Mchana, dirisha likiwa wazi upande wa bahari, barafu itakuwa kama ya jioni. Usiku wa manane taa zimezimwa hutajua. La pili ni kisanduku cha matokeo kilichokaa kona ileile kila mechi, ambacho baada ya muda mrefu kinaweza kuacha alama ya kudumu. Ukinunua ya mtumba, weka kioo chekundu kitupu, uangalie kona na sehemu ya chini. Ukisoma jina la kituo cha habari kwenye TV iliyo kimya, salimia, ondoka. Bei yake ni ya kuuza baiskeli na anayeiendesha.

Ya tatu ni Hisense na TCL, lakini zile za ngazi ya juu tu, U7 kwa Hisense na C7 kwa TCL. Zina mwendo wa 120Hz au zaidi wa kweli, yaani kioo kinabadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Nasema wa kweli kwa sababu kwenye maboksi kuna namba nyingine kubwa kubwa, zenye herufi tatu mbele, ambazo kila kampuni inajitungia. Uliza Hz za kioo chenyewe. Akianza kukueleza habari za rangi bilioni moja, hajui. Mimi ningezipima hizi kwa ukali kuliko zote, maana bei yake inavutia mtu afumbe macho.

Samsung sina ugomvi nazo. Ukipata inayopita kipimo cha kijivu, chukua.

Za bei ya chini, inchi 32 na 43: omba kioo cha IPS, kile kisichopauka sana ukikaa upande, pima kijivu, nunua.

Ukishaifikisha nyumbani, kabla ya kulalamika ingia kwenye mipangilio ya picha na uzime ulainishaji wa mwendo. LG wanauita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus. Unabuni picha ambazo hazikupigwa, na kitu kidogo chenye kasi ndicho cha kwanza kumezwa. Paki inapotea mbele ya kipa kisha inatokea wavuni, ukamlaumu kipa bure. Kama unatumia kisanduku cha Android, kiweke kwenye 60Hz kwa mechi za NHL. Za Finland na Sweden zirudishe 50Hz, maana Ulaya wanarusha hivyo. Na bando likiwa dogo kiasi cha kushusha picha hadi 360p, paki inabaki nukta mbili kwa upana. Hapo hata ungekuwa na TV ya ikulu. Bora ulale, uamke uangalie muhtasari.

Usafiri nao. Wengi wanaagiza Dar, TV inapakiwa buti la basi, imelazwa chali. Muheza wanapakia machungwa. Gunia linawekwa juu ya boksi, na kioo kikubwa chembamba kikibanwa hivyo kinaota mawingu ambayo hakikuwa nayo kiwandani. Lipia nafasi isimame wima, au ipande kwenye gari la mtu unayemjua. Kondakta atakwambia, "Mama, hii haivunjiki." Kuvunjika siyo ninachokiogopa.

Mnaouliza kama yote haya yana thamani kwa timu isiyobeba kombe: najua mnanisema mimi. Ndiyo, ni Oilers, hao hao wa Edmonton. Mwaka 2024 tulifika mechi ya saba ya fainali tukafungwa 2–1 na Florida, na nahodha wetu McDavid akapewa tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano huku timu yake imeshindwa, hakutoka hata kuipokea. Mwaka 2025 Florida hao hao tena, mechi sita. Watu wa minazi na joto kama letu! Kama kombe linaweza kwenda kwenye joto la namna ile, Raskazone tunasubiri nini?

Swali la mwisho ni la mzee mmoja wa Chumbageni aliyeuliza kuhusu plazma. Shikamoo mzee, umenigusa. Plazma haina madoa ya taa za nyuma kwa sababu taa za nyuma hazimo, na kwa mwendo wa paki bado inazipiga LED nyingi za leo. Panasonic waliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013, kwa hiyo ya sasa itakuwa mtumba tena mtumba mkongwe. Ni nzito, ubebaji wake ni wa watu wawili. Inatoa joto, na Februari ya Tanga unaijua. Uniti za LUKU itazila. Ukiipata nzima ya Panasonic usiitangaze kwanza, nitumie ujumbe, na bei uiandike humo humo.