Gmail na kile kitufe cha "Tendua": uzoefu wangu

Gmail nimeitumia miaka mingi bila kuifikiria. Programu ya barua pepe uisifu kwa lipi? Barua ifike, basi. Nimeanza kuithamini baada ya kazini kuhamishiwa mfumo mwingine, ambao sitautaja jina.

Mfumo huo una maswali kama karani wa zamu. Ukibofya tuma: "Una uhakika?" Ukifuta: "Una uhakika?" Ukifunga dirisha, lilelile. Mwanzoni nilikuwa nasoma. Siku hizi kidole kinajibu chenyewe: tuma, ndiyo, futa, ndiyo. Na ukishasema ndiyo, imetoka hiyo, huirudishi.

Gmail haiulizi. Kwenye kompyuta, unabofya tuma, kisha chini kushoto kinajitokeza kijisanduku kidogo cheusi kinachosema ujumbe umetumwa, na pembeni yake "Tendua". Ukiendelea na mambo yako kinapotea bila kukusumbua. Ukishtuka kwamba jina la mpokeaji silo, unabofya hapo na barua inafunguka tena kama ulivyoiacha, pamoja na viambatisho vyake. Wengi hudhani inafuatwa huko ilikofika. Wapi! Bado ilikuwa haijaondoka; imeshikiliwa sekunde chache tu. Kitu hiki kilianza kama jaribio mwaka 2009, kikawa sehemu ya kawaida ya Gmail mwaka 2015.

Kinachonifurahisha ni kwamba aliyekibuni anawajua watu. Kabla ya kubofya kila mtu ana uhakika, ndiyo maana anabofya. Kosa huonekana sekunde inayofuata, na hapo ndipo msaada unapokuwa umekaa. Asiyeuhitaji anaweza kumaliza mwaka mzima asijue kama upo.

Rasimu nazo ni hivyohivyo. Hakuna anayekukumbusha kuhifadhi. Umeme ukikatika, ukirudi unayakuta maneno yako (labda yale machache ya mwisho ndiyo yaliyopotea).

Kwa anayetaka kujaribu: muda wa kutendua unaoukuta ni sekunde 5, na kwa mtu anayesoma barua yake akishaituma, kama mimi, hazitoshi. Ingia kwenye mipangilio uchague 10, 20 au 30. Mimi nimeweka 30. Halafu shuka mpaka mwisho kabisa wa ukurasa ubofye kuhifadhi mabadiliko, maana hapo, tofauti na kwenye rasimu, usipobofya haishiki.