Mti wa kupanda penye baridi ndogo: vua chungu kwanza, bei baadaye

Malalamiko ninayoletewa kuhusu miti ya uani yanafanana mno. "Dada, ulikuwa umeshaanza kuchanua, mvua za baridi zikaja na upepo, ukalala chini mizizi juu." Mwingine mti wake haukuanguka, umegoma tu: miaka inapita hauongezi hata tawi, na majani ya upande mmoja yananyauka ilhali udongo una maji. Kila nikiomba picha ya pale shina linapoingia ardhini, naona kitu kilekile. Shina limezama wima bila kupanuka hata kidogo, na ukifukua unakuta mzizi mnene umelizunguka na kulikaba.

Mzizi huo haukujizungusha baada ya kupandwa. Ulinunuliwa hivyo.

Kwa hiyo sitakueleza habari za kivuli, urefu wala rangi ya maua. Hayo utayasoma kwenye kibandiko cha kila mti, na unajua mwenyewe nafasi uliyo nayo. Hapa chini nimeipanga miti kwa kigezo kimoja ambacho kibandiko hakitaji kamwe: mizizi yake inavumilia vipi maisha ya chunguni, na ukiikuta imeharibika, mti unaokoleka au la.

Tuelewane kwanza ni baridi ipi. Kwenye ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo wauzaji wa miti wa nchi nyingi hupenda kuinukuu, ukanda wa 9 ni ule ambao usiku wa baridi kuliko zote kwa mwaka huwa, kwa wastani, kati ya nyuzi -6.7 na -1.1 za selsiasi. Ukanda wa 10 ni kuanzia -1.1 hadi 4.4. Hapo ndipo nazungumzia: baridi ipo, umande unaweza kuganda alfajiri, lakini ardhi haigandi.

Watu husikia hivyo wakadhani kila mti utakubali. Kumbe baridi ndogo ina ubaya wake. Penye theluji, mti ulio chunguni hulala na mizizi yake hupumzika miezi kadhaa. Hapa udongo haupoi kiasi hicho. Mizizi inaendelea kutembea, inagonga ukuta wa chungu, inageuka na kuufuata. Mti uliosahaulika kitaluni msimu mmoja wa ziada unaweza kuwa tayari umejifunga. Juu ya hayo, miti mingi inayopendwa sehemu hizi haipukutishi majani. Mvua za baridi zinalowesha udongo mpaka unalegea, upepo unavuma, na mti bado umebeba majani yote. Penye baridi kali mti ungekuwa vijiti vitupu na upepo ungepita katikati yake.

Ukifika kitaluni, usianze na majani. Shika shina chini kabisa, lisukume taratibu. Likicheza lenyewe huku udongo umetulia, mizizi haijashika. Kisha chimba kwa kidole kandokando ya shina: mizizi mikubwa ya kwanza ianze kuonekana ndani ya sentimita 5 za juu. Ukizidi hapo bila kuiona, mti umezikwa kina kirefu, na mara nyingi juu ya shina lililozikwa mizizi mingine imeshazunguka. Halafu omba mti utolewe kwenye chungu. Hapa muuzaji atakutazama kana kwamba umemwambia avue shati. Vumilia. Mizizi myembamba iliyozunguka ukingoni si kesi, hiyo inakatwa. Mzizi uliofikia unene wa penseli na bado unafuata ukuta, uache mti pale pale, hata kama umebeba maua yote ya dunia.

Na mizunguko mibaya kuliko yote haipo ukingoni. Mche huanza kwenye kitrei au kiriba kidogo, ukahamishiwa chungu cha wastani, kisha kikubwa. Kila ukuta unaacha duara lake, moja ndani ya jingine, na duara la kwanza kabisa, lile la kukaba, liko sentimita chache tu kutoka kwenye shina. Nje utaona mizizi mizuri myeupe. Ingiza vidole ndani, usogee kuelekea katikati. Ukigusa kitu kigumu kinachokwenda mviringo, umeupata.

Kuna mchezo mwingine. Bei hupangwa kwa ukubwa wa chungu, si kwa ukubwa wa mizizi. Basi wiki chache kabla ya msimu wa kuuza, mti unatolewa kwenye chungu kidogo, unatumbukizwa kwenye kikubwa, unajaziwa udongo, na bei inapanda mara mbili. Ukivua chungu na nusu ya udongo ikamwagika miguuni pako, umeuziwa udongo. Nimeliona hili zaidi kwenye vitalu vya kifahari kuliko vile vya kando ya barabara, na vile vya kifahari ndivyo vinavyokuwa na kibao cha "tafadhali usiguse miti".

Sasa niseme wazi, nina upendeleo. Mti uliokuzwa ndani ya Air-Pot ninauchukua kabla ya mwingine wowote, hata ukiwa mfupi. Hawanilipi. Ni karatasi ngumu ya plastiki iliyokunjwa ikawa chungu, ukuta wake wote ni vinundu na matundu, hakuna sehemu bapa ya mzizi kuifuata. Ncha ya mzizi inaongozwa hadi kwenye tundu, inakutana na hewa, inakauka. Mzizi ukifa ncha unatoa matawi nyuma yake, nayo yanaelekea nje badala ya kuzunguka. Siku ya kupanda unafungua skrubu, unakunjua ile karatasi, na unaona bonge zima la udongo na mizizi kwa macho yako bila kubishana na mtu. Mifuko ya kitambaa inafanya kazi karibu na hiyo na ni mizuri, lakini inakauka upesi, na wauzaji wengi husahau kuimwagilia.

Ikiwa hakuna, nunua mti wa chungu cha kawaida na uunyoe mizizi. Edward Gilman wa Chuo Kikuu cha Florida, aliyechunguza kwa miaka mingi mizizi ya miti ya vyunguni, alishauri kunyoa bonge pande zote na chini, sentimita mbili tatu, kabla ya kupanda. Msumeno mdogo au jembe lenye makali linatosha. Mtu akiona mara ya kwanza anadhani unaua mti. Miti mingine ni kweli utaiua, na ndiyo sababu ya mpangilio huu.

Wa kwanza ni lagastromia (Lagerstroemia), mti mdogo wa maua, na si yoyote, aina ya Natchez. Ilitolewa mwaka 1978 na Bustani ya Taifa ya Miti ya Marekani, kazi ya Donald Egolf, aliyechanganya lagastromia ya kawaida na jamaa yake kutoka kisiwa cha Yakushima, Japani. Huyo wa Japani ndiye aliyeleta kinga dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa ule unaofanya majani ya lagastromia za zamani yaonekane yamepakwa majivu. Maua meupe, gome linabambuka na kuacha rangi ya mdalasini. Hayo ni ziada. Nimeiweka juu kwa sababu inazalishwa kwa vipandikizi vya matawi, kwa hiyo haina mzizi mkuu wa kukunjwa. Mizizi yake ni mingi na myembamba, ukiinyoa inachipua upesi. Tena inapukutisha majani msimu wa baridi, upepo unapita. Inataka jua kamili na kiangazi chenye joto kweli. Penye ukungu wa pwani mwaka mzima itakupa majani tu. Na tafadhali, acheni kuikata vichwa kila mwaka ikabaki visiki. Inafikia mita 6 hadi 9, na ikiwa nafasi yako ni ya mita 3, nunua aina fupi badala ya kuitesa hii.

Wa pili ni mzeituni. Mizizi yake inasamehe karibu kila kitu; mizeituni mikongwe hung'olewa, ikapunguzwa mizizi na matawi, ikapandwa kwingine na kuendelea. Majani hayapukutiki lakini ni membamba, na unaweza kupogolea mpaka mwanga upenye. Tafuta Swan Hill, aina isiyozaa, maana zeituni zikianguka kwenye sakafu zinaacha madoa ambayo utayasugua mpaka uchoke, na chavua ya mizeituni ya kawaida inawatesa wenye mzio. Udongo unaotuamisha maji unaumaliza, hapo usibishane. Ila sijaelewa bei za hiyo mizeituni ya "karne nyingi" yenye mashina mapana. Muuzaji anataja umri anaoutaka yeye, hana cheti, na mti ukiwa na uwazi katikati ya shina hata pete za kuhesabu hakuna. Unalipia hadithi. Chukua mti mchanga wenye mizizi safi.

Magnolia ya Little Gem nimeiweka ya tatu kwa shingo upande. Ni ndogo kuliko magnolia kubwa ya kusini mwa Marekani, ambayo inaweza kupita mita 25, na inachanua ingali changa. Lakini mizizi ya magnolia ni minene, laini, haina matawi mengi, na ukiinyoa ovyo inakasirika. Kwa hiyo huyu hanyolewi sana, anachaguliwa. Ama unampata kwenye Air-Pot, ama unamnunua mdogo kabisa kabla hajapata nafasi ya kuzunguka. Magnolia ya mita 3 kwenye chungu cha kawaida mimi siigusi. Jiandae pia kufagia, majani yake ni magumu na hayaozi haraka.

Jakaranda ni ya nne, na najua nitatukanwa. Asili yake ni Argentina na Bolivia, maua yake hayana mpinzani, sibishi. Ila hukuzwa kwa mbegu, una nguvu na haraka, na hiyo haraka ndiyo inayojaza chungu kabla mnunuzi hajatokea. Ukiwa mchanga, baridi ya kugandisha inaua ncha, unachipua vijiti vingi kutoka chini, na unahangaika kuurudishia shina moja. Ulizia sheria pia: Afrika Kusini imeuweka kwenye orodha ya mimea vamizi, pamoja na sifa zote za mitaa ya Pretoria. Kama bado unautaka, nunua mche wa kimo cha goti.

Michungwa na milimau inakubali baridi ndogo, na hukumu yake ni fupi. Mingi imebebeshwa, yaani tawi la aina moja limeunganishwa kwenye shina la nyingine, kwa hiyo pamoja na mizizi kagua kiungo, pale zinaposhikana. Kibaki juu ya udongo.

Pea ya Bradford sijaipa nafasi kabisa. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliitoa mwaka 1963, ikasifiwa kwamba haizai. Ikakutana na aina nyingine za jamii yake, ikazaa, ikaenea maporini, na tangu 2023 jimbo la Ohio limepiga marufuku kuiuza na kuipanda. Matawi yake yamebanana kwenye shina na hupasuka yakizeeka. Bado kuna watu wanaiuza.

Wenye bajeti ndogo: mgrevilea, mkaratusi, Ficus benjamina. Miwili ya kwanza itakua; Ficus ni ya ukanda wa 10 tu. Mkaratusi na Ficus hujizungusha vibaya kuliko yote niliyotaja, kwa hiyo chukua mche mdogo kwenye kiriba, kata kiriba chote na ukitupe, kagua chini kabla hujafukia, na upande mbali na ukuta na mabomba. Sina zaidi.

Kuhusu ukubwa, mti mkubwa unakugharimu mara nyingi zaidi na unachelewa kujishikiza. Wataalamu wana kipimo cha kukisia: penye baridi kali, mti huchukua kama mwaka mmoja kujijenga kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina, na penye joto ni miezi michache. Mche wa kimo cha mtu mara nyingi unaufikia ule wa mita 4 ulionunuliwa siku moja nao, maana mkubwa bado unatafuta mizizi wakati mdogo unatafuta anga. Ukipanda mwanzoni mwa msimu wa baridi, ardhi ikiwa bado ina joto, mizizi inapata miezi kadhaa ya kutoka nje kabla ya jua kali. Hiyo ndiyo faida ya baridi ndogo, na vitalu vinaipuuza. Vinauza kwa nguvu msimu wa maua, kwa bei ya maua, kisha mnunuzi anapambana na kiangazi akiwa na ndoo mkononi.

Mwisho ni dhamana. Mti ukifa ndani ya miezi kadhaa, au mwaka wakiwa wakarimu, watakubadilishia. Mzizi unaokaba huanza kuonyesha madhara mwaka wa tano, wa kumi, shina likishanenepa vya kutosha kukutana nao. Risiti imeshafifia maandishi. Nimekuwa nikiuliza kila ninaponunua kama dhamana inahusu mizizi iliyozunguka, na jibu ni lilelile: "Mizizi ipo, mama. Angalia majani yalivyo mabichi."