Kapulingi isiyomwaga: miezi minane kwenye lori la mafuta

Nimeendesha lori la mafuta miaka tisa, na miaka yote hiyo viatu vyangu vimenuka dizeli. Tunashusha kwa pampu, kwa hiyo mpira hubaki umejaa. Ile kapulingi ya zamani, yaani kiungo cha mpira na tangi, yenye masikio mawili ya kubania, ukishainua masikio tu, kilichobaki ndani chote kinashuka chini. Dawa yetu ilikuwa ndoo. Lori zima la mafuta, kinga yake ndoo ya kufulia!

Hii mpya ina vali upande wa mpira na upande wa tangi. Unasukuma, unazungusha, ndipo zinafunguka. Ukizungusha kurudi, zinajifunga kwanza, kisha vipande vinaachana. Haichomoki ikiwa wazi hata uwe na haraka vipi, na mimi haraka ninayo kila siku. Yanabaki matone ya kufuta kwa kitambaa.

Tajiri alifunga pia kipande cha kukatika, chenye boliti zilizofanywa dhaifu makusudi. Mpira ukivutwa kupita kiasi, boliti zinakatika na vali zinaziba pande zote mbili. Niliona ni mbwembwe za mainjinia, mpaka mwezi wa tatu mwenzangu alipoondoa gari mpira ukiwa bado umeunganishwa. Tukasikia pa! Utingo akazima pampu, mimi nikakimbilia mchanga. Doa lililokuwa chini ungelifunika kwa sahani. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta takriban lita milioni 40 kule Alaska mwaka 1989, Marekani ilidai meli za mafuta zijengwe kwa kuta mbili. Naona ni akili ileile, ya kukubali kwamba nahodha au dereva siku moja atakosea.

Sasa lawama. Kapulingi hii ni nzito, kifundo cha mkono kinajua. Oringi ya kwanza, ile pete ya raba ya kuzuia kuvuja, ilivimba kwa petroli, tukabadilisha tukaweka ya Viton, raba inayostahimili petroli, ambayo ilitakiwa ije nayo tangu mwanzo. Na boliti zikishakatika, nunua zilezile. Ukichomeka boliti ngumu ya dukani, siku ya kuvutwa litang'oka bomba la tangi.

Nyota nne. Ya tano imepotea kwenye kifuniko cha vumbi: kamba yake ilikatika wiki ya pili, nami nimekifunga kwa waya, maana punje ya mchanga ikikaa kwenye vali, tunarudi kwenye ndoo.