Magongo ya mtumba Kibuye: kibanda kizuri, ila jua sheria kabla ya kulipa

Mpwa wangu ameingia timu ya mpira wa magongo (hoki) shuleni, na mwalimu wao amesema kila mchezaji ajitafutie gongo lake. Jipya la fibaglasi na kaboni si bei ya mzazi wa kawaida, kwa hivyo Jumapili tulienda soko la Kibuye, Kisumu, kwenye kibanda kimoja cha vifaa vya michezo vya mtumba. Naandika kwa ajili ya wazazi wa Kisumu, Vihiga na Kakamega ambao nawaona wakichagua gongo kwa rangi. Mchezo huu sheria zake zinaanzia kwenye gongo lenyewe. Mimi nilicheza beki sekondari, na hadi leo hakuna mchezo ninaoupenda kuuzidi huu.

Muuzaji ni mzee mtulivu, anayafungua marobota mwenyewe, na magongo ameyapanga kwa urefu wala si kwa bei. Hilo lilinipendeza mara moja. Alimsimamisha msichana, akaliweka gongo wima kando yake, mpini ukaishia kwenye mfupa wa nyonga. "Hili la inchi 35 linamtosha, mama. La 36 na nusu litamchosha mikono." Angeweza kutuuzia lile refu, lilikuwa ghali zaidi. Hakufanya hivyo.

Sasa, mpwa wangu ni shoto. Akaniuliza, "Anti, kwani hakuna gongo la shoto?" Halipo, na sheria ndiyo iliyoamua hivyo. Gongo lina uso mmoja tu ulio bapa, upande wa kushoto. Upande wa pili ni mgongo wa mviringo. Ukiucheza mpira kwa mgongo, mwamuzi anapuliza filimbi na wapinzani wanapewa mpira. Kwa hiyo kila mchezaji, shoto au siye, anashika mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Shoto ana nafuu hapo, maana mkono wa juu ndio unaoligeuza gongo unapovuta mpira kushoto na kulia. Kijana wa kibanda kingine alikuwa ametusikia, akatuletea "gongo la shoto", refu, bapa pande zote mbili. Hilo ni la hoki ya barafu. Mwamuzi yeyote angemtoa nalo uwanjani. Tafadhali msilinunue.

Rudi kwa mzee wetu. Magongo mengi ya mtumba yamepinda, na kupinda kuna kikomo: ukililaza gongo uso ukiangalia chini kwenye meza, nafasi iliyo chini yake isizidi milimita 25. Tulililaza kwenye ubao wake wa kuuzia na nikapima kwa rula niliyobeba. Mawili yalizidi, na mzee akayaweka kando bila ubishi. Kuna pia yaliyofungwa tepu juu ya tepu hadi yakanenepa. Gongo pamoja na kila kilichozungushwa juu yake lazima lipite ndani ya pete ya milimita 51. Moja lilikuwa limekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nami nikaliacha. Halafu gonga kichwa cha gongo chini taratibu usikilize. Lililopasuka ndani hutoa sauti butu. Lenye vipande vinavyochomoza halifai hata kwa mazoezi, kwa sababu linakata watu.

Kwa anayeanza, nashauri hata usikaribie kile kikomo cha milimita 25. Magongo yaliyopinda sana karibu na kichwa yametengenezwa kwa wapigaji wa kona fupi (nitaieleza hapo chini), wale wanaoubeba mpira kwenye gongo na kuurusha langoni. Viwanja vyetu vingi huku ni nyasi na mabonde, na mtoto akipiga kwa gongo la namna hiyo mpira unapaa bila yeye kutaka. Mpira uliopigwa kwa nguvu hauruhusiwi kuinuliwa makusudi, isipokuwa kwa shuti la langoni, na ukimwelekea mtu kwa namna ya hatari ni kosa hata kama hukukusudia. Uzito wake ni gramu 156 hadi 163, nao ni mgumu kama jiwe. Nimeona ugoko uliovimba kwa wiki nzima.

Kona fupi yenyewe nilimweleza mpwa wangu palepale, nikichora kwa gongo mchangani nyuma ya kibanda, kwa kuwa ndiyo roho ya mchezo huu. Bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji aguse mpira ndani ya duara, ambalo mstari wake uko mita 14.63 kutoka langoni. Beki akitenda kosa humo, kwa mfano mpira ukimgusa mguu, wapinzani hupewa kona fupi. Walinzi watano tu, kipa akiwemo, hujipanga nyuma ya mstari wa mwisho, ule wenye goli. Wenzao wote hurudi hadi katikati ya uwanja. Mshambuliaji mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa mwisho, lazima kwanza utoke nje ya duara, kisha ndipo wenzake waurudishe ndani na kupiga langoni. Shuti la kwanza likiwa la kupiga kwa nguvu, lisivuke mstari wa goli juu ya sentimita 46, yaani kimo cha ule ubao wa nyuma ya goli. La kurushwa linaweza kwenda juu zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuchomoka kutoka mstari wa goli kumkimbilia mpigaji, na hakuna sekunde ndefu kama hizo.

Mengine aliyashika haraka: wachezaji 11, robo nne za dakika 15, hakuna kuotea, wachezaji wa akiba wanaingia na kutoka bila kikomo. Kadi ya kijani unakaa nje dakika mbili, ya njano angalau tano, nyekundu umekwisha.

Kasoro kubwa ya kibanda ni vifaa vya kipa. Pedi alizokuwa akiziita za magongo zilikuwa za kriketi. Kipa wa magongo anauzuia mpira kwa teke, hivyo sheria inamtaka avae kofia ngumu, pedi za miguu na vile viatu vinene vya kupigia teke, na viatu hivyo mzee hana. Nilimwambia, akasikiliza. Vikinga ugoko vya mpira wa miguu anavyo na vinafaa. Kinga ya meno usinunue ya mtumba kwa mtu yeyote. Nunua mpya duka la dawa au la michezo.

Gongo tulilochukua lilitugharimu shilingi 1,800 baada ya kupatana, na mpira juu yake, ambao tuliupima kwenye mizani ya jirani anayeuza mchele: gramu 160. Nampa nyota nne. Ile ya tano ni ya siku atakayoleta vifaa kamili vya kipa, kwa sababu ukanda huu unavihitaji. Huku ndiko kwenye shule za magongo: Kamusinga, Musingu na St. Anthony's Kitale, na kwa wasichana Tigoi na Misikhu. Kenya hii iliwahi kumaliza ya nne Kombe la Dunia Barcelona mwaka 1971, na watoto wanaoweza kuturudisha huko wengine wanacheza kwa gongo la kuazima.

Fika asubuhi, beba rula, na mpeleke mtoto mwenyewe apimwe. Anayetafuta la mtu mzima asubiri kidogo: mzee amesema robota lijalo lina mengi ya inchi 36 na nusu.