Betri za vepu: tazama ampea kwanza, mAh baadaye

Betri ya akiba ya kwanza kuinunua kwa ajili ya vepu yangu (sigara ya kielektroniki) ilikuwa imeandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, kwa herufi kubwa nyekundu. Nilifurahi sana, maana ile iliyokuja na kifaa ilikuwa na 2,500 tu. Nilipofika nyumbani nikaziweka zote mbili kwenye mizani ya jikoni, moja baada ya nyingine. Ya zamani ilikuwa gramu 45. Mpya, yenye namba zote zile, gramu 31. Seli halisi (yaani betri moja ya silinda) ya ukubwa huo huwa na gramu 45 hadi 48 hivi, kwa hiyo sikuitia kwenye kifaa hata mara moja.

Naandika haya kwa mtu ambaye tayari ana kifaa cha vepu kinachofunguka na kutumia betri ya kutoa. Kama chako ni kile kidogo chenye betri ya ndani, wewe chaji tu kwa waya wake na usijaribu kukifungua.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Kampuni zinazotengeneza seli hizi huzikusudia kwa pakiti zenye mfumo wa ulinzi, kama za mashine za kutobolea na baiskeli za umeme, wala hazitaki ziuzwe mojamoja kwa mtumiaji. Mwaka 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, iliwaonya watu wasinunue kabisa seli za 18650 (ukubwa ninaoueleza hapa chini) zilizo peke yake. Asiyetaka kubeba jukumu hilo, chaguo lake bora ni kifaa chenye betri ya ndani, na namheshimu kwa hilo. Anayeendelea, basi ajue anachonunua.

Jina 18650 ni vipimo: milimita 18 upana, 65 urefu, na sifuri ya mwisho kuonyesha kwamba ni silinda. 21700 ni milimita 21 kwa 70. Ukubwa unaamuliwa na kifaa chako, huna la kuchagua hapo. Chukua zenye kichwa bapa, maana vifaa vingi vimetengenezewa hizo.

Kinachotakiwa kuchaguliwa kwa makini ni ampea. Fikiria tangi la maji: mAh ni ujazo wa tangi, ampea ni upana wa bomba. Vepu inahitaji bomba pana. Ukilazimisha maji mengi yapite kwenye bomba jembamba, seli inachemka, na seli ya lithiamu ikichemka kupita kiasi hutoa gesi, kisha moto. Ndani ya mwili uleule mdogo, mtengenezaji akiongeza mAh kwa kawaida hupunguza ampea. Ndiyo maana ukiona 18650 inayodai 3,000 mAh na ampea 40 za mfululizo, rudisha rafuni. Na ile inayodai 5,000 mAh au zaidi ni feki, usipoteze muda kuuliza.

Utajuaje unahitaji ampea ngapi? Kwa kifaa chenye kompyuta ndogo ya kurekebisha wati, usihangaike na omu (ukinzani) za koili, ule waya unaopata moto ndani ya vepu. Chukua wati unazotumia, gawa kwa volti 3.2 (betri inapokaribia kuisha), kisha gawa tena kwa 0.9 kwa ajili ya umeme unaopotea njiani. Wati 40 zinakupa ampea 14 hivi. Wati 60 ni karibu 21. Wati 80 ni karibu 28, na hapo 18650 moja haitoshi. Tafuta kifaa cha betri mbili, ambapo kila moja inabeba nusu ya wati. Wengi hudhani betri inafanya kazi ngumu zaidi ikiwa imejaa, kumbe kwenye vifaa hivi ni kinyume: volti zikishuka, ampea zinapanda ili wati zibaki palepale.

Kwa kifaa kisicho na kompyuta, hesabu ni volti 4.2 gawanya kwa omu za koili. Koili ya 0.2 inavuta ampea 21, na hakuna kitu cha kuizuia. Kama ndiyo kwanza unaanza, nakusihi usikiguse.

Sasa mpangilio wangu kwa 18650. Namba moja ni Molicel P28A: 2,800 mAh. Karatasi ya kiwanda inasema ampea 35, lakini wapimaji huru huishusha hadi 25, nami nafuata hiyo ya chini. Hakuna nyingine inayonipa tangi na bomba vyote kwa pamoja hivi. Ya pili ni Sony VTC5A, siku hizi chini ya Murata, 2,600 mAh na ampea 25. Ni imara sana, tatizo ni feki zake. Ya tatu LG HG2, ile ya kahawia, 3,000 mAh na ampea 20. Samsung 25R, 2,500 mAh na ampea 20, inafuata. Ni ya zamani lakini haijawahi kuniangusha. Samsung 30Q ya pinki na Sony VTC6 zina 3,000 mAh na ampea 15, basi ziwe za wanaovuta wati chache. Kama kifaa chako kinapokea 21700, chukua Molicel P42A, 4,200 mAh, ambayo wapimaji huru huipa ampea 30.

Ukishaipata, itazame kwa karibu. Mwili mzima wa chuma wa seli ni hasi. Chanya ni kile kichwa cha juu peke yake, na kinachovitenganisha ni kipete chembamba tu pamoja na ganda la plastiki. Pitisha kidole kwenye ukingo wa juu. Ganda likiwa limechanika hapo, hata kidogo kama ukucha, betri inaweza kupiga shoti ndani ya kifaa. Vivyo hivyo usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Nunua kikasha cha plastiki siku hiyohiyo.

Chaja iwe ya nje, ijizime yenyewe ikifika volti 4.2, na ampea 1 inatosha. Usilale huku inachaji. Za kifaa cha betri mbili nunua kwa pamoja, aina moja, kisha ziandike A na B kwa kalamu ya wino: zitumike pamoja, zichajiwe pamoja, na moja ikichoka zistaafu zote. Ukipanda ndege, zibebe mkononi zikiwa kwenye kikasha chake, usiziache kwenye begi linalopakiwa kwenye tumbo la ndege.

Ile ya 9,900 niliibandika selotepu pande zote mbili, nikaipeleka panapokusanywa betri chakavu. Usitupe ya kwako kwenye takataka za kawaida, kwa sababu ikigandamizwa ndani ya gari la taka inaweza kuwaka.